ESP-01 ikikaa kimya, anza na umeme

Wengi wanaounganisha Arduino Uno na moduli ya ESP-01 hukimbilia kulaumu programu. Umeme ndio wa kushukiwa kwanza: pini ya volti 3.3 ya Uno ina kikomo cha miliampia 50, ilhali moduli ikirusha Wi-Fi huvuta mamia.

Kisha nyaya. TX huenda RX, RX huenda TX, na GND za pande zote ziungane. Uno hutoa volti 5, hivyo waya unaoingia RX ya moduli unahitaji rezista mbili za kuzishusha.

Herufi za ovyo moduli inapowashwa zisimtishe mtu. Huo ni ujumbe wa kuwaka, kasi yake ni baud 74880. Zikiendelea, kasi hazilingani. Moduli nyingi huanza na 115200, ambayo maktaba ya SoftwareSerial huimudu kwa taabu (hapo programu inastahili lawama). Na amri ya "AT" isiyomaliziwa kwa CR na LF haijibiwi "OK" ng'o.