Ndoano ipewe nafasi Kilombero

Katika Mto Kilombero yuko samaki ambaye mshipi wa nailoni peke yake haumwezi. Ni Hydrocynus tanzaniae, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1986, na anaishi katika mabonde ya Rufiji na Ruvu. Meno yake marefu hupishana taya zinapofunga, na mshipi ukipita hapo hukatika. Ndiyo maana mvuvi anayemtafuta hufunga kipande cha waya wa chuma kati ya ndoano na mshipi.

Kambale anataka maarifa mengine. Yeye hupapasa chini kwa sharubu zake, hivyo chambo lazima kishushwe kwa chubwi hadi karibu na tope.

Ujuzi huu wa ndoano unastahili kuungwa mkono na serikali, kwa sababu unachagua. Ndoano kubwa huwaacha samaki wachanga. Kokoro huwazoa wote, na sumu haibakizi kitu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu, lakini doria pekee hazimpi mvuvi chakula.

Bonde la Kilombero limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2002. Halmashauri zake, kuanzia Ifakara hadi Malinyi, zitenge fedha za ndoano, waya na mafunzo, na walimu wawe wavuvi wazoefu wa hapohapo. Vifaa vifike kabla ya mafuriko ya masika, wakati samaki wanapotawanyika mbugani kuzaliana.