Giza Kwanza, Vidonge Baadaye

Kwetu Zanzibar urefu wa mchana haubadiliki sana. Hapa Jeddah mchana wa Juni hupita saa 13, wa Desemba haufiki 11. Ngamia wa huku hupandana miezi ya baridi: usiku ukirefuka, homoni ya giza, melatonini, hutoka kwa muda mrefu, na mwili hutambua msimu umefika.

Sisi hatuna msimu huo, lakini homoni hiyo tunayo, na mwanga huipunguza. Mtu anakesha na simu usoni, kisha anakimbilia vidonge vya usingizi! Maoni yangu: tuanze na giza. Anayelala mchana baada ya kazi aweke pazia zito. Usingizi ukigoma wiki kadhaa, muone daktari.