Nusu siku ya mwanao iko mikononi mwako

Katika shule nyingi za msingi, watoto wa madarasa ya chini hurudi nyumbani mapema. Palipo na uhaba wa vyumba wengine husoma kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku mtoto yuko na wewe. Lakini nikizungumza na wazazi, wengi huniambia: "Mimi niliishia la saba, nitamfundisha nini?"

Jibu la swali hilo nililipata nyumbani kwetu Malolo, mwaka 2020.

Machi 17 mwaka huo Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya corona, na vyuo vikafuata. Nilirudi kijijini na begi moja. Dada yangu, anayelima vitunguu, alinipokea na ombi: "Mdogo wangu, wewe umesoma. Nisaidie huyu mtoto." Binti yake alikuwa Darasa la Tatu.

Nilianza kwa mbwembwe. Nikaandika ratiba ya saa mbili hadi saa sita, nikageuza mlango kuwa ubao. Wiki ya kwanza ilienda. Wiki ya pili, kila nikishika chaki, nasikia: "Mama mdogo, tumbo linauma." Siku moja nilimkuta amejificha nyuma ya banda la kuku. Nikamwambia dada kwamba mtoto ni mvivu.

Dada hakunijibu. Jioni ile, akichambua mboga, alimwita: "Njoo unisomee, macho yangu yamechoka." Mtoto akasoma. Alipokwama, dada alisema tu, "Rudia hapo, sijaelewa." Mwisho akamuuliza, "Kwa hiyo sungura alifanyaje?" Ikawa hivyo kila jioni, kama robo saa. Shambani walihesabu pamoja: mistari mingapi, miche mingapi kila mstari, jumla ngapi.

Ni dada huyo huyo aliyegundua kwamba mtoto anasoma huku kitabu kinakaribia kugusa pua. Tulipompeleka Mikumi kupimwa, tukaambiwa haoni vizuri mbali. Ubaoni alikuwa akiona ukungu. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunamwita mzembe mtoto asiyeona. Mimi niliyesoma nilikaa naye wiki mbili mezani na sikuliona hilo.

Tangu hapo, mzazi akiniuliza atafundisha nini, namwambia aanze na haya.

Jua amefika wapi. Kuanzia 2010, Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini kupima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha Darasa la Pili. Wewe pia unaweza kupima nyumbani kwa ngazi nne: silabi, neno, aya, hadithi fupi. Mpe kitabu chake cha darasa la pili. Akikwama kwenye maneno, usimlazimishe hadithi; kaeni kwenye maneno kwanza. Andika tarehe na ngazi aliyofika kwenye daftari, halafu mpime tena baada ya mwezi. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, si na mtoto wa jirani.

Kama hujui kusoma, bado unaweza. Mwambie akusomee, kisha akusimulie bila kuangalia kitabu. Anayesoma huku anaelewa atasimulia. Anayekariri atarudia mstari wa kwanza halafu atanyamaza. Hapo umeshajua, hata kama wewe hujui herufi moja.

Angalia mwili kabla ya kumlaumu. Je, anakunja macho akitazama mbali? Muulize kama anaona maandishi ubaoni kutoka anapokaa. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Kama hageuki mara kwa mara, apimwe masikio. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku. Anayekesha na simu au anayeamshwa alfajiri kubeba maji atasinzia darasani, na hiyo si akili ndogo.

Kwa sisi wa maeneo ya mito na mifereji, kuna kichocho pia. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi mtoto anapooga au kucheza majini. Kichocho na minyoo humpunguzia mtoto damu, akawa mchovu na mzito wa kushika masomo. Ukiona damu kwenye mkojo wake, mpeleke kituo cha afya. Dawa ipo. Na siku ya kumeza dawa za minyoo na kichocho shuleni, usimfiche nyumbani. Hakikisha tu amekula kwanza.

Zungumza na mwalimu. Usisubiri kuitwa. Nenda na lile daftari, muulize: "Wiki hii mnasoma nini, na mwanangu anakwama wapi?" Maswali hayo mawili yanatosha kukupa kazi ya wiki nzima nyumbani.

Niseme na hili, maana msimu wa mavuno hautusubiri. Kumsaidia mtoto nyumbani hakuchukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Kuhesabu vitunguu shambani ni somo zuri saa kumi jioni. Saa tatu asubuhi, siku ya shule, huko ni kumnyima mtoto darasa lake.

Shule zilifunguliwa Juni 29, 2020. Binti yetu alirudi na miwani, akaomba akae mbele. Hakuwa wa kwanza darasani, ila aliacha kuumwa tumbo. Sasa yuko sekondari, na akija likizo mama yake bado humwita jioni: "Njoo unisomee."

Leo mwanao akirudi, mwache ale, apumzike kidogo. Kisha mwite akusomee, hata ukurasa mmoja. Na wakati anasoma, mwangalie.