Injini inapimwa baridi, mbio zinakimbiwa moto

Bondia anapanda mzani leo mbavu zikihesabika, kesho anapanda ulingoni akiwa ameongezeka kilo kadhaa na hakuna anayemuuliza. Mzani ulisoma sawa, yameisha. Kelele zilizotawala Formula 1 kuelekea msimu wa 2026 zinafanana na hizo, ila safari hii anayedaiwa kunenepa baada ya kupimwa ni chuma.

Kanuni mpya zilishusha uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda kutoka 18 kwa 1 hadi 16 kwa 1. Kwa lugha ya kijiweni ni hivi: pistoni ikipanda juu kabisa, hewa iliyokuwa imejaza silinda inabanwa hadi ibakie sehemu moja ya 16 ya nafasi yake ya mwanzo. Ukiibana zaidi ya hapo, unapata nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Ni nguvu ya bure, na kwenye mchezo ambao gari la kwanza na la tano hutenganishwa na sehemu chache za kumi za sekunde, hakuna mwenye akili timamu anayeikataa.

Kilichowauma watu ni sentensi moja: kipimo kilikuwa kinachukuliwa injini ikiwa kwenye joto la kawaida la mazingira. Yaani baridi. Timu pinzani zikauliza, je, kama kuna mtu kaunda injini inayosoma 16 gereji, halafu chuma kikishika moto kinatanuka na kuibana hewa hadi kukaribia 18?

Wasiojua magari wanaweza kudhani huo ni uzushi wa waliozidiwa. Ila hesabu yenyewe haichekeshi. Silinda ya Formula 1 ina kipenyo cha milimita 80, na zote sita kwa pamoja zinabeba lita 1.6. Ili utoke 16 uingie 18, pistoni inatakiwa ikisogelee kichwa cha silinda kwa chini ya nusu milimita. Sasa chukua kipande cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 10, kipashe nyuzi 100 zaidi, kitarefuka kwa zaidi kidogo ya sehemu mbili za kumi za milimita. Chuma cha pua au chuma cha kawaida kitarefuka pungufu ya hapo, kiasi gani kinategemea mchanganyiko wake. Mhandisi anayejua wapi aweke metali ipi tayari ana pa kuanzia. Hilo halithibitishi kwamba mtu kafanya mchezo, linaonyesha tu kwamba aliyeuliza hakuwa anaota.

Na hapo ndipo kanuni ilipojikaanga yenyewe. Injini ya Formula 1 ikiwa baridi si injini, ni tofali la bei mbaya. Nafasi kati ya vyuma vyake ni finyu mno, vimebanana kiasi kwamba huwezi kuiwasha ikiwa imepoa. Mafundi wanaunganisha mashine nje ya gari, wanazungusha maji na oili ya moto ndani yake hadi ifike nyuzi 80 hivi, ndipo inawashwa. Kuipima ikiwa baridi ni sawa na kumpima mshambuliaji kasi akiwa amelala hotelini.

Ikishaingia barabarani mambo yanabadilika kabisa. Moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000, hewa chafu inatoka kwenye mabomba ikiwa karibu na 1,000, na kazi ya maji na oili ni kuhakikisha kwamba vyuma vilivyo katikati ya hayo yote haviyeyuki. Maji ya kupozea injini ya gari la kawaida lenye nguvu, zile Subaru na Golf za tabo zinazopiga kelele usiku, yanatakiwa yacheze kati ya nyuzi 85 na 105. Ya Formula 1 yanafika hadi 120 na bado dereva yuko raha mustarehe.

Hayachemki kwa sababu yamefungiwa kwa presha. Kwa miaka mingi kanuni za Formula 1 ziliruhusu presha ya maji hadi bar 3.75 juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa presha hiyo maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 150. Kwa nini wasiweke rejeta kubwa wakaishi kwa amani? Kwa sababu rejeta kubwa inataka tundu kubwa la kuingizia hewa, na tundu kubwa linalikamata gari upepo. Maji yakiwa ya moto zaidi, rejeta ndogo inatosha. Kila timu inachagua kuishi karibu na ukingo, kama beki anayecheza mtego wa kuotea kwenye mstari wa katikati. Ukipatia unaonekana mjanja, ukikosea unaokota mpira wavuni.

Ndiyo maana kila msimu macho yanakwenda Mexico City. Uwanja ule uko mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na timu zinalazimika kukata matundu makubwa kuliko kwingine kokote ili injini zisichemshe.

Lakini maji ni nusu ya habari. Anayeua injini kimyakimya ni oili, na hakuna mfano unaouma kuliko wa Sepang, Malaysia, tarehe 2 Oktoba 2016. Lewis Hamilton alikuwa anaongoza, mzunguko wa 41 kati ya 56. Akashuka mstari ulionyooka mbele ya jukwaa kuu, moto ukamtokea nyuma ya mgongo, mbio zikaishia hapo. Mercedes walipoichunguza ile injini walieleza kwamba presha ya oili ilianguka ghafla kati ya kona ya mwisho na kona ya kwanza, kisha beringi ya konrodi ikafa. Injini ilikuwa imetembea kilomita 618 tu. Mwisho wa msimu Nico Rosberg alikuwa na pointi 385, Hamilton 380. Ushindi mmoja ni pointi 25. Fanya hesabu mwenyewe.

Kilichotokea ndani ni rahisi kukielewa. Beringi haigusani na chuma inayokibeba. Katikati kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu, na presha ndiyo inayohakikisha kwamba utando huo hauishi. Kwenye gari la mtaani lenye injini ya nguvu, oili ikiwa moto, presha ya bar 1 hivi ikiwa sailensi inakubalika, na ukiikanyaga inatakiwa ipande hadi bar 3, 4 au 5. Mafundi wa resi wana kipimo chao cha kichwani: takriban PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mizunguko 6,000, PSI 60. Ikipungua sana hapo, chuma kinasaga chuma, na injini inanoki kabla hujapata pa kuegesha.

Geji hiyo ina utapeli wake. Asubuhi, oili ikiwa nzito kama uji, presha inasoma juu kweli kweli na dereva anajiona mfalme. Ile si afya, ni uzito wa oili tu. Mbaya zaidi, mshale wa joto la maji unafika katikati ndani ya dakika chache wakati oili bado iko nyuzi 50 au 60. Inataka dakika 10, pengine 15, kufika 90, na kuanzia hapo hadi 110 ndiko nyumbani kwake. Kwenye resi oili nzuri ya kisasa inavumilia 120 hadi 130. Ikivuka 140, utando unakuwa mwepesi na presha inaanza kushuka yenyewe. Vijana wanaowasha gari la tabo na kulikanyaga kabla halijatoka mtaani wanamwingiza uwanjani mchezaji ambaye hajapasha misuli.

Kuna ugonjwa mwingine wa huku kwetu. Gari likichemsha mara moja, fundi anatoa themostati anaitupa, anaweka maji ya bomba, anasema "bosi, halitachemsha tena". Kweli mshale unashuka. Lakini sasa injini inakimbia nyuzi 60 au 70 barabara kuu, petroli inachomeka vibaya, nyingine inachuruzika na kuingia kwenye oili, pete za pistoni zinalika. Chanzo cha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, feni au kizibo kisichoshika presha, bado kipo palepale. Kizibo kinadharauliwa sana. Naivasha, kwenye Safari Rally, ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lenye kizibo kibovu linaweza kuchemsha pale likiwa na joto ambalo Dar es Salaam au Mombasa lingeonekana zima kabisa.

Kwa kifupi hakuna namba moja ya injini. Kuna namba za baridi na namba za moto, na zinazoamua mbio ni za moto. Kwa hiyo walioandika kanuni ya kupima baridi ndio wenye mzigo wa kwanza, kabla ya yeyote anayetuhumiwa kuitumia. Mtu akifuata maneno yaliyoandikwa huwezi kumwita mwizi, hata kama mbinu yake inakera.

Kupima moto nako kuna shughuli yake. Injini za watengenezaji tofauti hazikimbii joto moja: huyu maji yake yanacheza 115, yule 125, na kichwa cha silinda hakina joto sawa na pistoni iliyo chini yake. Refa atalazimika kuchagua namba moja, tuseme 130, injini ipashwe hadi hapo ndipo kipimo kiwekwe. Siku namba hiyo itakapoandikwa, wahandisi wa kila timu watarudi mezani kuunda injini inayosoma 16 kamili kwenye 130, kisha wataanza kutafuta inachofanya kwenye 140.