Zege Lipimwe Kwanza, Kompyuta Ifuate

Siku hizi mhandisi anaweza kusimamisha ghorofa kumi ndani ya kompyuta, akalitikisa jengo kwa tetemeko na kulibebesha mzigo mpaka lipasuke, hata msingi haujachimbwa. Ni maendeleo makubwa. Lakini programu hailijui zege lako. Inajua namba ilizopewa tu, na mara nyingi namba hizo huachwa kama zilivyokuja na programu, au hunakiliwa kutoka mradi wa mtu mwingine. Tabia hiyo ikome.

Chukua zege la daraja C25/30 katika kanuni za Ulaya. Zege ni lile lile, ila likivunjwa kwa umbo la silinda huhesabiwa nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, na kwa kyubu 30. Mhandisi akiingiza 30 mahali programu inapotaka kipimo cha silinda, amelipa zege nguvu ya ziada ya asilimia 20 ambayo halina.

Kokoto nazo zina uzito wake katika hesabu. Kanuni hizo hizo hutoa ukakamavu wa zege lenye kokoto za kwatzi. Kwa kokoto za chokaa hupunguzwa asilimia 10, kwa za mawe ya mchanga asilimia 30, na kwa za basalti huongezwa asilimia 20. Anayejenga kwa mawe ya chokaa na anayejenga kwa mawe ya volkano hawawezi kutumia namba moja, kisha wakategemea boriti zao zipinde sawasawa.

Dawa yake inajulikana. Zege la mradi wenyewe lijazwe kwenye kyubu na silinda, likae majini, livunjwe likitimiza siku 28. Kisha boriti yenye nondo ivunjwe maabara, na mpindo wake ulinganishwe na ule wa kompyuta. Namba zikisharekebishwa mpaka majibu yakaendana, programu itabiri boriti ya pili ambayo haikuhusika na marekebisho. Ikishindwa hapo, jibu la kwanza lililazimishwa.

Anayeona hiyo ni gharama ya bure aitazame Norwei. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama karibu na Stavanger. Kosa la huko lilikuwa jinsi kompyuta ilivyougawa muundo katika vipande; nguvu za mkato zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu makini iliyofanywa baada ya ajali ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Uhakiki huo ungetangulia, hasara isingetokea.

Tunawaomba wenye miradi na mamlaka zinazopitisha michoro: kila ripoti ya kompyuta iwe na ukurasa unaotaja kila namba ya zege imetoka wapi, imepimwa lini na imehakikiwa kwa jaribio gani. Isiyo nao irudishwe.