Kusoma mashairi ili yasisomwe tena?

Wasomaji wetu, wengine kati yenu mna ndugu waliokwenda kukaa Marekani. Wengi wao walipita kwanza katika makambi ya wakimbizi ya Burundi, ya Tanzania, ya Uganda, na sasa watoto wao wanasoma katika shule za sekondari za huko. Basi, siku moja mtoto mwenye akili huleta karatasi nyumbani: mwalimu ataka kumtia katika darasa la juu la Kiingereza, lile la fasihi. Baba auliza: «Mtajifunza nini humo?» Mtoto ajibu: «Mashairi, na vitabu vya zamani.» Baba akunja uso. Mashairi ni kazi gani? Afadhali mtoto asome udaktari, asome hesabu na ufundi wa mashine.

Hapo hutokea watu wa kumtuliza baba, na ndio tunaotaka kubishana nao leo. Kwani hawamwambii kwamba mashairi ni mema. Wamwambia hivi: «Usiogope. Mtoto akishinda vizuri mtihani wa mwisho, universite nyingi zitamhesabia somo hilo kana kwamba amekwisha kulifanya kwao. Hatalazimishwa kulisoma tena, nawe utaokoa fedha.» Sikieni vizuri neno hilo. Mtoto ajitahidi mwaka mzima kusoma mashairi, na zawadi yake ni ruhusa ya kutoyasoma tena! Ni kama mama amwambiaye mtoto wake: «Kula bukari yako yote, mwanangu, na ukimaliza hutasumbuliwa na chakula tena.»

Hatudharau shida ya fedha. Universite za kule ni ghali sana, na baba anayelipa nyumba na kuwatumia ndugu huku nyumbani, akipata njia ya kupunguza gharama, afanya vema kuifuata. Yeye hatumlaumu hata kidogo. Twawalaumu wanaouza kitu chema kwa sababu isiyo yake, kwani kitu kikiuzwa hivyo, mwisho hufundishwa hivyo.

Angalieni mtihani wenyewe. Masomo hayo huitwa Advanced Placement, na mitihani yake ya kwanza ilifanywa mwaka 1956. Mtihani wa fasihi huchukua saa tatu. Katika saa ya kwanza kuna maswali 55, na chini ya kila swali majibu yamekwisha andikwa. Kazi ya mtoto ni kuchagua moja. Maswali 55 kwa dakika 60! Hata kupiga chafya hakuna nafasi. Katika saa mbili zinazobaki aandika insha tatu: moja juu ya shairi, moja juu ya kipande cha hadithi, moja juu ya kitabu kizima alichokisoma. Kila insha ina pointi 6: moja kwa wazo lililo wazi, nne kwa ushahidi na maelezo yake, na moja kwa kile tunachoweza kukiita akili iliyokomaa.

Insha hizo si mbaya, twakubali. Kumlazimisha kijana aonyeshe katika maneno ya shairi lenyewe sababu ya kusema alivyosema, ni mafunzo mema. Hata wahubiri wengine yangewafaa. Ubaya huingia mapema zaidi, mwalimu anapoanza tangu mwezi wa Septemba kuziwinda pointi zile. Shairi halisomwi tena. Lapekuliwa kama mzigo wa msafiri mpakani: toa sitiari, toa tashibihi, haya, funga, mwingine apite.

Tuchukue shairi moja linalosomwa sana katika shule za huko. Jina lake ni Those Winter Sundays, la Robert Hayden, na lilitoka katika kitabu chake cha mwaka 1962. Hayden alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa Detroit mwaka 1913 na kulelewa na jirani katika mtaa wa maskini. Shairi lina mistari 14 tu. Baba aamka kabla ya mapambazuko siku ya Jumapili, ambapo wengine wangali wamelala. Ni baridi kali. Mikono yake imepasuka kwa kazi ya juma zima. Awasha moto, na nyumba ikiisha pata joto ndipo awaita wengine. Hata viatu vya mwanawe amevisugua vikang'aa. Hakuna amshukuruye. Mtoto amsemesha kama mtu asiyemjali, tena kwa woga, maana nyumba ile ilikuwa na hasira zake. Miaka imepita, mtoto amekuwa mtu mzima, na sasa tu atambua kwamba moto ule ulikuwa upendo.

Haya, fikirini mtoto wa Kikongo aliyeketi katika darasa hilo. Baba yake afanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, arudi alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mtoto hamsemeshi sana. Aona haya kwa sababu ya Kiingereza chake. Na shairi hili ndilo lililowekwa mbele yake! Mwalimu auliza: sauti ngumu ya «k» yarudi mara ngapi, nayo yaonyesha nini? Si swali la kipumbavu. Kweli sauti zile zapasuka kama kuni motoni. Lakini kama swali laishia hapo, mtoto akajibu, akapata pointi yake, akarudi nyumbani asimtazame baba yake, twauliza: amesoma nini?

Wengine watatujibu kwamba mapenzi ya mtoto kwa baba yake hayawezi kutiwa katika mtihani. Kweli, wala hatuombi yatiwe. Twaomba shairi lisomwe kwa sauti, mara mbili, mara tatu; watoto walishike kwa moyo; wanyamaze kidogo. Kisha waulizwe habari ya «k».

Na ninyi wazazi msemao kwamba vitabu hivyo ni vya Wazungu, havituhusu: Things Fall Apart cha Chinua Achebe wa Nigeria, kilichotoka mwaka 1958, nacho husomwa sana katika madarasa hayo. Tena Julius Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukatoka mwaka 1963, yeye akiwa rais wa Tanganyika. Na mwaka 1969 ukafuata Mabepari wa Venisi. Alikuwa na nchi changa mikononi, lakini alipata saa za kuyatafutia maneno yale ya zamani maneno yetu. Hakuna universite iliyokuwa ikimngojea na pointi 6.

Basi baba, tia sahihi karatasi ile. Kisha Jumapili umwambie mtoto akusomee shairi la baba awashaye moto. Alisome kwa Kiingereza kwanza, polepole, hata kama huelewi yote. Halafu akueleze kwa Kiswahili maana yake. Akishindwa kukueleza, Jumatatu arudi kumwuliza mwalimu wake.