Msaidizi rika alipwe mshahara, si nauli tu

MJINI Mbale, ikisemwa kwamba fulani ameharibika kichwa, ushauri huja haraka: apelekwe kwa mganga, apelekwe kanisani, afungwe kamba mpaka atulie. Hospitali huja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha. Jinja nako ni vivyo hivyo. Utafiti wa Dk. Catherine Abbo wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliofanyika katika wilaya za Jinja na Iganga na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wenye maradhi makali ya akili waliokuwa kwa waganga wa kienyeji walitumia pia huduma za hospitali. Kwa maneno mengine, watu hawa hawaikatai hospitali. Wanachokosa ni mtu wa kuwashika mkono kati ya mlango mmoja na mwingine.

Mtu huyo yupo, na kazi yake ina jina. Anaitwa msaidizi rika. Tumewazoea waelimishaji rika wa Ukimwi, wale wenye fulana na vipeperushi. Huyu ni ndugu yao, ila kazi yake ni nyingine. Yeye mwenyewe aliwahi kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili, au alitekwa na pombe, mairungi au dawa za kulevya, akapata nafuu, akafunzwa, na sasa anafuatana na mwenzake anayepita njia ile ile. Hatoi dawa wala hapimi ugonjwa. Anakaa, anasikiliza, anakumbusha tarehe ya kliniki, anazungumza na kaka mwenye nyumba aliyekwisha kuchoka.

Uganda si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2012 hospitali kuu ya maradhi ya akili ya Butabika, jijini Kampala, ikishirikiana na wauguzi na wagonjwa wa zamani kutoka mashariki mwa London, ilianza kuwatumia watu wa namna hii kuwatembelea nyumbani wagonjwa waliotoka wodini. Baadaye, kuanzia 2018, Kampala na Dar es Salaam ziliingizwa katika utafiti mkubwa wa kazi hiyo pamoja na miji ya Ujerumani, Israeli na India. Zanzibar nao, tangu mwaka 2009, wana nyumba za upataji nafuu ambazo zinaendeshwa na watu walioacha heroini wenyewe. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyowezekana huku kwetu.

Lakini Butabika iko Kampala. Kutoka Jinja ni kilomita 80 hivi, kutoka Mbale ni zaidi ya 200. Miji hii miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, kila mmoja una hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, na kila siku ya kliniki foleni ni ndefu, wenye kifafa na wenye sonona wakiwa benchi moja. Nchi nzima, yenye watu milioni 45 na ushei kwa sensa ya 2024, madaktari bingwa wa maradhi ya akili hawafiki mia moja. Muuguzi aliyebaki na foleni ile ana dakika chache kwa kila mtu. Atauliza kama dawa zinaliwa, ataandika tarehe, basi. Hana nafasi ya kuuliza habari za chungu.

Na chungu ndicho chenye habari. Ndugu msomaji, wewe unayefanya biashara kati ya Mbale, Malaba na Lwakhakha unajua kwamba malwa si kinywaji tu. Watu wanakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa, na hapo ndipo bei ya mahindi inajulikana, lori la kesho linapatikana, deni linasamehewa au linaongezwa muda. Sasa mwambie mfanyabiashara wa namna hiyo "acha pombe". Umemwambia aache na ofisi yake! Daktari aliyesomea Kampala hawezi kulifikiria hilo kwa urahisi. Msaidizi rika analijua kwa sababu yeye mwenyewe ilimbidi atafute njia: kufika asubuhi kabla chungu hakijatengwa, kumtuma mwenzake amsikilizie bei, kukaa na soda yake na kuvumilia utani. Mwaka wa imbalu ukifika, na huja kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mtihani huwa mkubwa zaidi maana pombe inakuwa sehemu ya heshima ya ukoo, na anayekataa anaonekana amemkataa mtoto anayetahiriwa. Hapo panahitajika mtu wa kumsimamia mwenzake ugenini kwa wajomba, akiwa na majibu ambayo wazee watayakubali.

Msaidizi rika aliyefunzwa vizuri anajua pia pa kuishia. Mtu aliyekunywa waragi kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo na hata kuanguka kifafa, na wengine hufa. Jirani atasema amerogwa. Msaidizi rika atasema twende hospitali leo hii, tusingoje kesho. Waragi ya vifuko ilipigwa marufuku mwaka 2019, jambo jema, lakini ile inayopikwa mitaani kama Namatala haikuwahi kuwa na kifuko.

Upande wa dawa nako kuna mambo ambayo foleni haiyasikii. Wapo wanaochomwa sindano moja kila mwezi, na baadhi yao shingo inakakamaa, mate yanatoka, mikono inakuwa mizito. Mama anayebeba robota la mitumba hawezi kazi katika hali hiyo, kwa hiyo mwezi unaofuata haonekani. Kwenye kitabu cha kliniki ameandikwa "hakuja". Kumbe ipo dawa ya kupunguza makali hayo, na kipimo chenyewe kinaweza kubadilishwa, ila lazima mtu aseme. Mwingine hakuja kwa sababu alikuwa Bungoma akifuatilia mzigo. Msaidizi rika anaweza kumwombea kwa muuguzi apewe dawa za safari nzima, au amtafute ng'ambo. Lugha ya Wagisu na ya Wabukusu wa Kenya ni za mama mmoja, na Kiswahili kinamaliza palipobaki. Mpaka ni wa serikali, ugonjwa hauujui.

Kisha wapo waliorudi. Januari 2016 serikali ilizuia wasichana wetu kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani kwa sababu ya habari za mateso, mwaka uliofuata ikaruhusu tena, na safari zikaendelea. Wengi wanarudi salama na akiba zao. Wengine wanarudi Jinja usiku, mikono mitupu, hawalali, wanashtuka mtu akiita kwa sauti, na nyumbani wanapokewa na swali moja tu: pesa ziko wapi? Ukoo uliuza shamba kulipa wakala. Msichana huyo hatajieleza mbele ya daktari aliyemwona kwa mara ya kwanza, tena kwa Kiingereza. Anaweza kujieleza kwa dada ambaye naye alirudi Walukuba namna hiyo miaka mitatu iliyopita, akachanganyikiwa, akatibiwa, na leo anauza samaki Masese.

Kwa wanaodhani nawasifia watu wa chini kupita kiasi, nitawakumbusha kisa kimoja cha mfanyabiashara. Mei 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama katika mji wa Akron, Ohio, biashara iliyompeleka huko ikiwa imevunjika. Yuko hotelini peke yake, baa iko hapo hapo. Alikwenda kwenye simu akapigia makanisa ya mji, akiomba atafutiwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapatikana daktari wa upasuaji, Bob Smith. Mazungumzo ya wawili hao ndiyo yaliyozaa chama cha walevi wasiojitaja majina, ambacho leo kimeenea dunia nzima. Wangapi kati yetu wamelala gesti ya Busia mzigo ukiwa umeshikwa, mlango wa kilabu uko mbele yao, na hawana wa kumpigia?

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Kazi hii yote tunataka ifanywe bure. Msaidizi rika anapewa nauli, soda, na cheti siku ya mwisho ya mafunzo. Ni ugonjwa wetu wa zamani. Timu za afya za vijiji zimebeba vyandarua na chanjo tangu mwaka 2001 kwa moyo wa kujitolea, na tumeona wengi walivyochoka. Shirika la TASO, lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987 na lenye vituo Jinja na Mbale, lilitufundisha kwamba aliyeishi na virusi anaweza kuwa mtumishi wa afya kati ya watumishi wengine. Wateja wazoefu wa Ukimwi wakawa na meza na zamu, na wengi wakapata posho. Lakini posho hizo zilitoka kwa wafadhili. Marekani ilipofunga mfereji Januari 2025, meza zile ndizo zilizoondolewa kwanza. Kwa hiyo mfano wa TASO tuuchukue, bila kuuchukua mkoba wake.

Naambiwa pingamizi mbili. Ya kwanza: aliyekuwa mlevi akirudia ulevi je? Atapumzishwa na kutibiwa, kama muuguzi anavyopumzishwa akiugua. Kazi ya kusikiliza vilio kutwa inaumiza, na anayeifanya bila msimamizi na bila likizo ndiye anayerudi kwenye chupa upesi.

Ya pili ni nzito zaidi, na naikubali nusu: miji yetu ni midogo, siri za mgonjwa zitafika sokoni. Ni kweli zinaweza kufika. Lakini mtu wa kujitolea akitoa siri utamfanya nini? Utamnyang'anya soda? Mwenye mshahara ana mkataba, ana kiapo, ana bosi, na ana cha kupoteza. Jimbo la Georgia huko Marekani lilipoanza kuwalipa watu hawa kupitia Medicaid mwaka 1999 lilikuwa la kwanza nchini humo, na serikali kuu ilipotoa mwongozo kwa majimbo yote mwaka 2007 ilidai mafunzo, usimamizi na mpango wa matibabu unaoeleweka. Malipo yalikuja na masharti. Kwa maoni yangu mgonjwa analindwa zaidi hivyo kuliko kwa huruma tupu.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyoifuta ile ya 1964, inataka huduma zishuke hadi vituo vya afya vya msingi. Zitashukaje bila watu? Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zianze na wasaidizi rika wanne kila moja, wanawake wawili na wanaume wawili, walipwe kutoka bajeti ya hospitali, wawe na muuguzi anayewasimamia, na siku mbili za juma wakae nje ya hospitali: stendi ya mabasi Mbale, Lwakhakha siku ya soko, Masese mitumbwi inapoingia. Kiswahili kiwe sharti la kazi.

Nasi wafanyabiashara tusikae kando. Vyama vyetu vina mifuko ya mazishi, na mwenzetu akifa tunakodi gari na kununua jeneza bila kuombwa mara mbili. Katiba za vyama hivyo zinaweza kuongezewa kipengele kimoja: mwanachama akichanganyikiwa au akitaka kuacha pombe, chama kimlipie safari ya kliniki na kumtunzia kibanda chake kwa miezi mitatu. Mikutano ya kupitisha mahesabu inakuja. Hoja hiyo iingizwe kwenye ajenda kabla ya ile ya mazishi.